Nilivyolipatanisha plau na Massey ya baba

Trekta la Massey Ferguson alilotuachia baba ni 135 ya mwaka 1972, injini ya Perkins ya pistoni tatu, na rangi nyekundu imebaki kwenye boneti tu. Kuwaka inawaka, hata asubuhi ya baridi. Kilichonitoa jasho misimu miwili ni plau. Lile la baba liliuzwa alipokuwa anaumwa, nikanunua jingine la mtumba kule Magugu, la diski mbili za inchi 26. Nikalifunga mwenyewe, nikalisawazisha uani juu ya sementi mpaka likakaa sawa kabisa, nikaenda kulima eka tatu za jirani.

Jirani alikuja saa nne, akatembea kwenye mistari yangu, akapiga dongo teke. "Mama, hapa umelima au umeparura?"

Na kweli. Diski ya mbele ilikuwa inazama mpaka inaibua madongoa makubwa kama ndoo, ya nyuma inakwaruza tu, na katikati yake unabaki mgongo wa ardhi ambao haujaguswa. Usukani nao unavuta, mkono unakufa ganzi kabla ya saa sita. Dizeli ilikuwa inakwenda lita 11 kwa eka. Ukitoa hiyo kwenye malipo ya kulimia watu, unabaki na vumbi.

Nilimwita fundi kutoka mjini. Akaniambia pampu ya haidroliki, ile inayonyanyua plau, imechoka, tena diski zibadilishwe. Pesa ya pampu sikuwa nayo, kwa hiyo akafanya aliloliweza: kile kigurudumu cha chuma cha nyuma ya plau, kwa vile kilikuwa kinachezacheza, akakichomelea kisimame imara. Akachukua chake akaondoka. Mimi nikaongeza la kwangu. Niliona mbele kunazama na nyuma kunaelea, nikarefusha toplinki, ule mkono wa juu unaounganisha plau na trekta, ili mkia ushuke. Bondeni kwenye udongo laini mambo yakawa mazuri, nikajisifu. Nilipopanda kule juu ng'ombe wanakopita, plau zima lilisimama juu ya kigurudumu chake cha nyuma na kuteleza kama sahani juu ya meza. Diski ya mbele haiingii hata ukiiombea.

Desemba hiyo baba mdogo alikuja kwenye kipaimara cha mwanangu. Ujana wake ameumalizia kwenye matrekta ya mashamba makubwa. Baada ya chakula nikampeleka uani. Plau hakuligusa. Alichuchumaa nyuma ya trekta akaangalia matairi kwa muda, kisha akaomba geji ya kupimia upepo. La nyuma kushoto lilikuwa na pauni 9, la kulia 15.

"Plau ulilipimia wapi, mama?"

"Hapa hapa, kwenye sementi."

"Na ukiwa unalima, tairi la kulia linapita wapi?"

Nilikaa kimya. Linapita ndani ya mfereji wa mstari uliotangulia, bila shaka. Upande wa kulia wa trekta unashuka kwa kina chote ulicholima, na plau nililolisawazisha uani linainama kulia pamoja na trekta. Diski ya mbele ndiyo iliyo upande wa kulia, lazima izame. Mimi nilikuwa natibu mlalo wa kulia na kushoto kwa dawa ya mbele na nyuma. Makosa mawili yalikuwa yameshikana mikono, na kwenye udongo laini yakafichiana siri.

Tuliyofanya siku hiyo yalichukua mchana mzima, na ningekuwa nimeyajua mapema ningeokoa pesa nyingi. Kwanza upepo wa matairi ukawekwa sawa pande zote. Tukatafuta mbao nene na kuzipanga mbele ya matairi mawili ya kushoto, kimo sentimita 18. Nilitaka kulima sentimita 20, ila baba mdogo alisema tairi la kushoto nalo hudidimia kidogo shambani, toa mbili. Nikapandisha trekta juu ya mbao polepole, likainama kulia kama mlevi wa jioni. Sasa sementi ndiyo imekuwa sakafu ya mfereji. Nikashusha plau.

Diski ya mbele iligota sementi. Ya nyuma ilikuwa juu, kiganja changu kikapita chini yake.

Kwenye nondo ya kunyanyulia upande wa kulia, 135 ina mpini wa kuzungusha. Nilizungusha kuifupisha, upande wa kulia ukapanda, mpaka fremu ya plau ikalala sambamba na sementi. Kisha toplinki, ambayo ilikuwa ndefu kupita kiasi kwa ujuzi wangu mwenyewe, nikaifupisha kidogo kidogo mpaka diski zote mbili na kigurudumu cha nyuma vikagusa chini kwa pamoja. Cheni za pembeni tukazilegeza ili plau licheze kidogo likiwa kazini, halafu tukalinyanyua juu na kuhakikisha halifiki kwenye tairi.

Hapo ndipo baba mdogo alipoona ile kazi ya kuchomelea. Akaguna. Akanieleza jambo ambalo fundi wangu hakulijua: diski zinatupa udongo kulia, kwa hiyo udongo unalisukuma plau zima kushoto. Kigurudumu kile ndicho kinachoegemea ukuta wa mfereji na kupokea msukumo huo. Kinatakiwa kiwe na pembe yake na kiweze kurekebishwa. Ukikifunga kimenyooka hakina cha kuegemea, plau linakwenda upande, na usukani unakuvuta kwa sababu trekta linapigana na mkia wake. Kesho yake kijana wa Gallapo aliikata ile weldi kwa dakika ishirini, tukakilaza kidogo kielekee ukuta.

Na pampu? Haikuwa na ugonjwa. Kwenye Massey hizi toplinki haivuti, ikiwa kazini inasukuma kwenda mbele, inaibana springi kubwa iliyo nyuma ya gia. Plau likikutana na ardhi ngumu springi inabanwa zaidi, haidroliki inanyanyua kidogo na uzito unahamia kwenye matairi ya nyuma. Huo ni ubunifu wa Harry Ferguson wa Ireland, kutoka enzi ambazo plau lililokokotwa kwa mnyororo likigonga kisiki liliweza kuibinua trekta juu ya dereva wake. Baba mdogo alichomoa toplinki, akashika uma wa springi, pale toplinki inapofungwa, na kuutikisa. Ulicheza mbele na nyuma. Haupaswi kucheza hata kidogo, maana huo mchezo wote haidroliki haiuoni. Tukalegeza skrubu ya kuufungia, tukaukaza, tukafunga tena. Gharama yake sifuri.

Shambani alinizuia nisianze kwa pupa. Mstari wa kwanza hauna mfereji, trekta linakwenda wima, na plau uliloliseti kwa kuinama linakuwa limepinda upande wa pili. "Huo ni mfereji wa kuazima," akasema, "pita juu juu tu upate pa kuweka tairi." Nikapita hivyo. Mstari wa pili nikaweka tairi la kulia ndani, gia ya tatu ya chini, nikashusha wenzo. Nikasikia injini ikibadilisha sauti, ikatulia hapo. Usukani nikaushika kwa vidole viwili. Tulisimama baada ya hatua hamsini, tukachomeka kijiti kwenye mifereji yote miwili: sentimita 21 mbele, 19 nyuma. Nusu raundi ya mpini wa kulia, ikawa sawa. Hata kule kwenye njia ya ng'ombe iliingia, kwa kulalamika.

Sasa natumia lita 7 kwa eka, mahali pagumu nane. Kingo za shamba bado nazimalizia kwa jembe la mkono, hilo halina dawa.

Kabla hajaondoka baba mdogo aliniambia niweke alama. Nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nikapaka mstari kwenye nyuzi za toplinki na mwingine kwenye mpini wa kulia. Mwezi uliofuata nikamwazima jirani. Trekta lilirudi toplinki imezungushwa karibu raundi tatu. Nilirudisha kwenye mstari mwekundu kabla chai haijapoa, na jirani sikumwuliza kitu.