Plagi za Forester yangu ya tabo: angalia namba ya joto kabla ya iridiamu

Mwaka juzi nilikuwa napandisha mlima Kitonga kwenda Iringa, nimembeba mama na mizigo yake, mbele yetu kuna lori linajikongoja, nikapata nafasi nikakanyaga mafuta nilipite. Gari ikavuta vizuri mpaka busti ilipoingia, yaani tabo ilipoanza kushindilia hewa kwenye injini, hapo hapo ikaanza kukatakata kama kuna mtu anazima na kuwasha swichi, taa ya cheki injini ikawaka, nikarudi nyuma ya lori taratibu. Mama akaniuliza, "Mwanangu, gari lako linaumwa?" Nikamwambia tutafika mama usijali, ila moyo ulikuwa unadunda kweli.

Cha ajabu plagi zilikuwa mpya kabisa, tena iridiamu, zile zenye ncha ya metali ngumu ya bei, nilizifunga wiki moja kabla ya safari. Duka nililonunua waliniambia hizi ndo za bei, hizi hazina shida, funga usahau. Na mimi sikuuliza kitu kingine, nilisikia iridiamu nikatoa hela.

Gari yenyewe ni Subaru Forester SG5 yenye injini ya EJ205, ile ya nguvu ya farasi 220 ikitoka kiwandani Japani, yangu imebadilishwa ekzosi na imetuniwa kompyuta, yaani kompyuta ya injini imepangwa upya itoe nguvu zaidi, presha ya busti inafika kama baa 1.1, kwa hiyo tuseme farasi kama 50 zimeongezeka. Nilipofika Iringa nikamtafuta fundi wa Subaru, tukazitoa moja moja, akaisoma namba akaniita nije nione: BKR6EIX-11. Akaniambia tatizo lako ni hiyo 11 ya mwisho. Maana yake gepu, ile nafasi ambayo cheche inaruka, ni milimita 1.1, wakati injini hii yenye tabo inataka 0.7 mpaka 0.8.

Hii naomba niieleze vizuri maana watu wengi inawapita. Cheche inaruka kwenye hewa, na hewa ikibanwa zaidi inakuwa ngumu kurukwa. Injini isiyo na tabo inabana hewa iliyovuta yenyewe tu, ila ya tabo inashindiliwa hewa, kwa hiyo busti ikipanda ndani ya silinda kunakuwa na hewa nzito na koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, inatakiwa itoe volti nyingi zaidi ili cheche ivuke gepu lile lile. Ukiwa na gepu pana koili inashindwa, cheche hairuki, silinda inamisi. Ndo maana mjini gari ilikuwa haina neno, inawaka vizuri, sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia, mpaka uidai nguvu mlimani. Fundi akazibana zile zile mpaka 0.75, taratibu sana na fila geji, kile kipimo cha vibati vyembamba, bila kugusa ile ncha ya katikati maana ya iridiamu ni nyembamba na inavunjika ukiilazimisha, siku ya kurudi Dar nilikanyaga mpaka mwisho na gari haikukata hata mara moja. Kumbe gepu tu jamani.

Sasa namba ya joto, hapa ndo nilikosea mara ya pili. Kwenye plagi za kampuni ya NGK, kama hizi zangu, ile tarakimu ya katikati, 6 au 7 au 8, ndo joto, na inapanda kwenda kwenye ubaridi, 7 ni ya baridi kuliko 6. Denso nao wanapanda hivyo hivyo ila namba zao ni nyingine, 20 yao ni kama 6 ya NGK, 22 ni kama 7, 24 ni kama 8. Bosch na Champion wao ni kinyume, namba ndogo ndo ya baridi, kwa hiyo usije ukachukua namba ya kampuni moja ukaenda kudai namba hiyo hiyo kwa nyingine. Na plagi kuwa ya baridi sio kwamba cheche yake ni dhaifu, ni kwamba inapoteza joto haraka kwenda kwenye silinda hedi. Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 450 na 870 za Selsiasi hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui yanajazana mpaka cheche inapita kwenye masizi badala ya kuruka, juu ya hapo plagi inakuwa kaa la moto inawasha mafuta kabla ya wakati wake, na injini ya tabo ikiwaka kabla ya wakati pistoni inatoboka, hakuna mjadala.

Baada ya Kitonga nikasema sitaki tena kuhangaika, nikanunua namba 8 kabisa, nikiamini ya baridi zaidi ndo salama zaidi. Wiki tatu tu. Mi nakaa Mbezi nafanya kazi Posta, asubuhi ni foleni jioni ni foleni, gari inakaa sailensi dakika arobaini, plagi haipati joto la kujisafisha. Ikaanza kuwaka kwa shida asubuhi, inatetemeka, inanuka petroli, tulipozitoa zilikuwa nyeusi tii kama zimetoka kwenye jiko la mkaa.

NGK wenyewe kanuni yao ni kwenda hatua moja ya baridi zaidi kwa kila farasi 75 mpaka 100 ulizoongeza. Kwa hesabu hiyo mimi na 50 zangu ningeweza kubaki na 6 na nisingekuwa nimekosea. Ila tulikaa na jamaa aliyenitunia tukaamua 7, kwa sababu gari hizi zilitengenezwa kwa petroli ya Japani yenye oktani (uwezo wa kutowaka kabla ya wakati) karibu 100 na yetu iko chini ya hapo, na mimi napanda milima mirefu na mzigo mara kwa mara. BKR7EIX, gepu 0.7. Kama gari yako haijaguswa kitu baki na 6 ya kiwandani, usimsikilize mtu anayekuuzia 7 kwa sababu eti ni za resi.

Na kuhusu iridiamu, sio kwamba ni mbaya, mimi natumia. Ncha yake ni nyembamba, milimita 0.6 kwa NGK IX na 0.4 kwa Denso Iridium Power, wakati ya nikeli ile ya kawaida ni kama 2.5, cheche inaruka kirahisi kwenye ncha nyembamba na inachelewa kulika. Lakini ya nikeli yenye namba sahihi na gepu sahihi ni bora mara mia kuliko iridiamu isiyo yako, utaibadilisha mapema tu. Kingine usichanganye urefu wa nyuzi za plagi, ile sehemu inayojifunga kwenye hedi, hii EJ205 inachukua ya milimita 19, zile za NGK zinazoanza na LFR ni 26.5, ukiifunga huku inachomoza ndani pistoni inaweza kuigonga.

Feki zimejaa sana, na hapa nasema kwa uchungu maana nimeshauziwa. Angalia ile washa ya plagi, ringi ya chuma juu ya nyuzi, orijino haitoki kirahisi ukiizungusha na vidole, feki nyingi inateleza inatoka yenyewe. Angalia maandishi kwenye kauri, na kama ncha imekaa upande rudisha hapo hapo kabla hujaondoka dukani.

Kufunga kwenye boksa, injini ya Subaru ambayo silinda zimelala kushoto na kulia, kunataka uvumilivu, kushoto unatoa betri, kulia unatoa boksi la eyaklina, halafu unaingia na soketi ya 16 na ekstensheni kwenye nafasi ya mkono mmoja. Injini iwe imepoa. Anza kwa vidole mpaka igote, ndo uweke racheti, nm 21 kama una tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kama huna nusu mzunguko baada ya kugota inatosha. Grisi usipake, NGK wanakataza, inakufanya ukaze kupita kiasi na hedi ni aluminiamu.

Ukizitoa usizitupe, zisome. Kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe yenye malengelenge ni joto limezidi. Ukiona mafuta ya injini yamelowanisha plagi mara nyingi kwenye Subaru ni sili za kwenye tundu la plagi zimechoka. Ukiona vidoto vinavyong'aa juu ya kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, injini inagonga, paki gari na umpigie aliyekutunia usiku huo huo.

Seti ya sasa nilizitoa Jumamosi iliyopita. Tatu rangi moja kabisa, ila ya silinda namba 4 ilikuwa nyeupe kidogo kuliko wenzake, sio ya kutisha ila nimeiona. Jamaa aliyenitunia ameshapunguza taimingi, yaani cheche iruke kwa kuchelewa, kidogo kwenye busti kubwa. Nimeziandika namba kwa maka na nimezirudisha kila moja kwenye tundu lake, nampeleka mama Iringa mwezi wa 12, tukifika tu naanza na hiyo ya 4.