Kukandwa ukiwa mjamzito na ukishajifungua

Jamani wadada, kukandwa mwili sio anasa, mgongo na nyonga vikianza kuuma ile miezi ya mwisho unahitaji mtu mwenye mkono mwepesi, ulale ubavu, mto katikati ya magoti, akupake mafuta ya nazi yaliyopashwa kidogo akukande kiunoni taratibu. Tumbo lisibonyezwe kabisa. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma usikubali ukandwe, wahi hospitali maana inaweza kuwa damu imeganda. Huku pwani mzazi anakandwa kwa maji ya moto ndani ya zile siku 40 za baada ya kujifungua, nalipenda sana hilo, ila maji yasiwe ya kuchemka yanaunguza, na kama ulijifungua kwa oparesheni kidonda kiachwe kabisa mpaka daktari aseme kimepona.