Chapati zimepoa kwa ajili ya Doctor Who
Jana binamu yangu kaja na chapati za moto, tukaziacha zikakauka kama soli ya kandambili. Kisa? Doctor Who, tamthilia ya BBC ya kusafiri katika wakati. Yeye anasema Russell T Davies, mwandishi mkuu na msimamizi wa tamthilia hiyo, aachie ngazi. Nikamwambia taratibu, huyo ndiye aliyeifufua 2005, baada ya BBC kuisimamisha tangu 1989! Akanijibu, "Dada, kufufua sawa, lakini ndiyo akae milele?"

Nikanyamaza kidogo, maana ana hoja. Davies aliondoka, kipindi chake cha mwisho kikaonyeshwa Januari 2010, akaja Steven Moffat, kisha Chris Chibnall, halafu 2023 karudi yule yule. Mhusika mkuu akikaribia kufa anabadilika sura na mwili, ila jikoni mpishi ni wa zamani. Na damu changa inaweza: ilipoanza 1963, mtayarishaji wake Verity Lambert alikuwa hata miaka 30 hajafika.

Kinachoniuma mimi ni Ncuti Gatwa, aliyeigiza mhusika mkuu huyo. Mzaliwa wa Rwanda, kakulia Scotland. Akitokea tu nawaita watoto sebuleni. Misimu miwili, kila mmoja vipindi 8, Mei 2025 kaaga. Hujamzoea, kashaenda!

Binamu anataka mtu mpya kabisa. Mimi nataka yeyote anayeweza kumaliza msimu bila kurundika maadui wa miaka ya sabini ambao wanangu hawawajui (mwanangu wa pili alilala, remoti mkononi). Hapo tukakubaliana, nikaenda kupasha chapati.