Masomo ya nchi za baridi, nyumba ya Tabora

Masomo ya bure ya usanifu wa majengo endelevu yamejaa mtandaoni, na fundi kijana wa Tabora mwenye simu na kifurushi cha wiki anaweza kuyafikia. Tatizo ni kwamba mengi yameandaliwa na watu wanaopambana na baridi. Somo zuri kabisa la Ulaya litakufundisha kuelekeza madirisha makubwa kusini ili jua liingie ndani, na kuziba kila upenyo ili joto lisitoke. Ukilileta Ipuli au Cheyo, kata za Tabora, jinsi lilivyo, umejenga tanuri.

Ndiyo maana anayeniuliza mimi humwelekeza kwanza kwenye mwongozo wa mwaka 2014 wa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, kuhusu majengo ya nchi za joto, ulioandikwa kwa ajili ya Afrika Mashariki na unaopakuliwa bila malipo. Ni mzito na ni wa Kiingereza, lakini maelezo yake ya mwendo wa jua yanatosha kulipa gharama ya bando. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Hata mwezi Juni, linapofika juu kabisa, huwa nyuzi 62 hivi kutoka upeo wa macho, na ukingo wa paa uliochomoza sentimita 60 tu huufunika ukuta wa kaskazini kwa kivuli kinachoshuka zaidi ya mita 1. Kuta za mashariki na magharibi hazisaidiki hivyo, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni hupenya chini ya paa; hizo zifanywe fupi, zipunguziwe madirisha, au zipandiwe mwembe. Nyumba za paa la kuficha, zisizo na ukingo hata wa shubiri moja, sijui hujengwa kwa hesabu gani.

Programu ya EDGE, ya IFC iliyo tawi la Kundi la Benki ya Dunia, nayo hutumika bure, na hupima kama jengo litaokoa angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati au kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vyake. Kipimo hicho cha tatu ndicho kinachotugusa zaidi, maana matofali yetu huchomwa kwa kuni za miombo, na kabla ya kujaza chochote kwenye programu inabidi umuulize mchomaji tanuri lake lilimeza tela ngapi.