Siku Moja na Mlango Usio na Nyumba

Saa 10 na nusu alfajiri

Simu imelia kabla ya adhana. Mwashi ninayefanya naye kazi hana salamu ndefu: "Imeshuka." Sikumuuliza ipi. Nyumba ile ya upande wa Kiponda tulikuwa tunaiangalia tangu masika yaanze. Ufa wa ukuta wa nyuma ulikuwa unaingia vidole viwili, juzi ukaingia ngumi.

"Na watu?"

"Wamesalimika, alhamdulillahi. Walishahamia vyumba vya mbele."

Nimeswali, nimekunywa chai ya rangi na mkate wa ufuta wa jana, nikamgongea mwanafunzi wangu. Mimi ni seremala wa Mji Mkongwe, Unguja. Nilijifunza kazi hii ili nichonge milango. Siku hizi mara nyingi naitoa kwenye vifusi.

Saa 12 na nusu asubuhi

Nyumba ya mawe ikianguka unaanza kuipata kwa pua, hata hujakata kona: chokaa iliyorowa, vumbi la miaka mingi, maji ya choo. Ukuta wa nyuma haupo. Ghorofa zote tatu ziko wazi kama kabati lililong'olewa milango. Juu kabisa chandarua bado kimefungwa, kalenda iko kwenye msumari wake.

Bibi mmoja amekaa kwenye baraza ya jirani, sanduku liko miguuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Waosha mmeshafika."

Mwashi akacheka. Mwosha huoshwa, sote tunaijua, ila Bibi hakuimalizia na mimi sikuweza kucheka.

Mtu akipita hapa atasema ni mvua. Mvua imefanya ya jana tu. Ukuta wa nyumba hizi ni mnene, nusu mita na zaidi, lakini ndani ni vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikana kwa chokaa na udongo mwekundu. Kinachozifunga kuta zisiachane ni boriti, miti ya mikoko iliyolazwa kutoka ukuta huu hadi wa pili. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana mita tatu hivi. Boriti haiendi mbali zaidi ya hapo. Vichwa vyake vimezama ukutani. Maji yakipata njia pale, kichwa kinaoza taratibu huku katikati mti ungali mgumu kama chuma, na anayelala chini yake haoni kitu. Siku vichwa vikikatika, ukuta unakwenda zake.

Na maji yalipataje njia? Bafu lililowekwa ghorofa ya tatu mahali pasipokuwa na bafu. Mlizamu wa bati, mfereji wa maji ya paa, ulioziba. Halafu mtu kwa nia njema akaupiga ukuta plasta ya saruji nje. Chokaa inapumua, ukuta ukirowa leo, kesho unakauka. Saruji inafunga unyevu ndani, na ukuta unaoza huku uso wake unang'aa.

Baada ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilitaifishwa na familia zikapewa vyumba. Hii ilikuwa na familia saba. Kila mmoja alifagia chumba chake, nawaona ni watu safi kabisa. Paa halikuwa chumba cha mtu.

Saa 2

Wamefika watu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe, wamepima, wamepiga picha, wamefunga utepe. Hapa huondoi hata dirisha bila kibali. Leo kibali hakikuchelewa: toeni vya thamani kabla ya wezi, na msipite nyuma.

Saa 3

Mlango.

Uko mbele, umesimama wima kama hakuna lililotokea. Mabawa mawili, katikati mfaa, mti unaofunika mwanya wa mabawa, uliochongwa maua ya waridi kutoka juu hadi chini, pembeni mnyororo unaozunguka miimo yote, samaki karibu na kizingiti cha chini. Waongoza watalii wana maana kwa kila ua. Mimi nilifundishwa kuchonga, si kutafsiri, na ningependa kumjua aliyewaambia kwamba misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo. Desturi hiyo inasemekana ilitoka India. Unguja tembo atapita kichochoro gani?

Kwenye kizingiti cha juu kuna aya na mwaka, ila mwaka umeliwa na mchwa. Zimebaki tarakimu mbili za mwanzo, 13. Ni mwaka wa Hijria, kwa hiyo mlango hauwezi kuwa wa kabla ya mwisho wa 1882. Mwanafunzi wangu alihesabu kwenye simu, nikampa heko, kisha nikamtuma akatafute magogo ya kuegemeza.

Mlango wa namna hii hautoki kama mlango wa dukani. Fremu ilisimamishwa kwanza, ukuta ukajengwa kuukumbatia. Ukiivuta kwa mtaimbo utabaki na kuni. Inabidi umwondoe mkumbatiaji: jiwe moja moja, tindo na nyundo ndogo, kutoka juu kushuka, huku mwashi ameegemeza ukuta wa juu kwa magogo na anausikiliza. Namaanisha kusikiliza kweli. Sikio lake liko ukutani. Chokaa ikianza kunong'ona kwa kumwagika ndani, anainua mkono na sote tunarudi nyuma. Leo aliinua mkono mara tatu.

Mabawa hayana bawaba. Kila moja lina kigingi juu na kigingi chini vinavyozunguka kwenye matundu ya fremu, kwa hiyo unalinyanyua bawa, unaliinamisha, linatoka kama jino la mtoto. La kulia lilitoka. La kushoto, lenye mfaa, lilikataa. Watu wanne tumelishika, jasho linaingia machoni, haliendi. Nikapitisha mkono chini, nikakuta kisa: kuna mtu aliwahi kuweka sakafu ya saruji kibarazani, ikapanda juu ya kizingiti na kukifunga kigingi. Saa nzima nimelala kifudifudi nachonga saruji na patasi ambayo sasa haifai hata kufungulia kopo la rangi.

Kila kipande tumekiandika namba kwa chaki na kukipiga picha mahali pake.

Saa 5 na nusu

Dalali. Hawajawahi kukosa. Shati jeupe, simu mbili, "Fundi, mimi nina mtu." Mtu wake ana hoteli na anataka mabawa tu, atayalaza, ataweka kioo juu, yatakuwa meza. Nimemwambia mlango huu una kibali na unakwenda stoo hadi nyumba ijulikane hatima yake. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Nyumba gani, fundi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwomba aondoe kiatu juu ya mwimo.

Saa 7 mchana

Dhuhuri, kisha urojo, bakuli mkononi, tumekaa kwenye ngazi za msikiti. Mazungumzo yamekwenda yanakokwenda kila nyumba ikianguka: Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu. Ijumaa ile, 25 Desemba 2020, jengo alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883 liliporomoka upande mmoja likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Mwashi anakumbuka vumbi. Mimi nakumbuka simu ya kwanza niliyopigiwa. Mtu aliniuliza kama milango ya nakshi imepona.

Saa 9

Boriti. Kazi isiyopigwa picha na mtu. Tunazichomoa kwenye kifusi, tunazigonga kwa nyundo: inayolia ni nzima, inayojibu "bu" ni ya kuni. Nyingi zinalia. Tatizo ni vichwa. Ukikata kilichooza, kila upande sentimita 30 au 40, unabaki na mti mzuri kuliko wowote utakaoununua leo, ila haufiki tena ukuta hadi ukuta. Hauwezi kurudi chumba ulichotoka. Utakwenda kuezekea jiko la uani, au kibanda cha kuku huko shamba.

Vioo vya rangi vya juu ya dirisha vilikuwa saba, vimepona viwili, kijani na chekundu. Vimefungwa kwenye kanga aliyoitoa Bibi.

Saa 11 jioni

Lori haliingii vichochoro hivi, kwa hiyo ni hamali na gari lake la mkono, "hodi hodi" njia nzima. Watoto wamefuata nyuma kama harusi. Bibi naye alisimama.

"Mlango wangu unakwenda wapi?"

"Stoo, Bibi."

"Na mimi?"

Mwanafunzi akaangalia chini. Bibi anakwenda kwa mwanawe, Ng'ambo, hapa hapa Unguja nje ya Mji Mkongwe, hilo keshapangiwa. Alitaka tu kuona nani atamjibu. Nimembebea sanduku mpaka barabarani.

Saa 2 usiku

Radi upande wa bahari. Nyumba ninayokaa mimi pia ina familia tano na paa lisilo la mtu. Nimekaa barazani na kahawa, nimesikiliza tone moja linalodondoka kwenye ngazi, lile ambalo tangu mwezi uliopita nasema nitalizungumza kwenye kikao cha wapangaji.

Nimepanda na tochi. Mlizamu umejaa majani, mfuko wa plastiki, mche wa mtini ambao mizizi yake imeshaanza kutafuta ukuta, na chini kabisa, iliyoziba tundu lote, kandambili ya mtoto, ya kushoto, rangi ya samawati.

Nimeijua. Tumeitafuta na mama yake wiki mbili.