Mizani Chini ya Mwembe

Oktoba 2016, msimu wa korosho ukiwa umeanza, nilipanda basi Mtwara mjini kwenda Tandahimba nikiwa na mkoba uliojaa madodoso ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili katika uongozi wa taasisi. Nilikuwa nimesoma usiku kwa miaka miwili, baada ya kazi ya kufundisha, nikiamini kwamba sehemu ngumu imekwisha. Mada yangu ilikuwa uongozi wa mageuzi, yaani kiongozi kuwabadili na kuwahamasisha watu kwa kuwaonyesha dira, nadharia iliyofafanuliwa na James MacGregor Burns mwaka 1978 na kuendelezwa na Bernard Bass mwaka 1985. Nilitaka kuipima katika chama cha msingi cha ushirika, kwa sababu tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani kwetu mwaka 2007, mkulima hukabidhi korosho zake kwa chama, akarudi nyumbani na karatasi, na kuanzia hapo hadi siku ya malipo hana budi kuwaamini viongozi wake.

Dodoso lilikuwa na vipengele 45, kila kimoja kikijibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 4. Nilikuwa nimelitafsiri mwenyewe, tena kwa uangalifu mkubwa.

Mtu wa nne kumhoji alikuwa bibi mmoja aliyeketi juu ya gunia lake akisubiri zamu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamsomea: "Kiongozi wangu hunipa taswira ya tunakoelekea."

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "kwani tunaelekea wapi na katibu?"

Nilirudia kwa maneno mepesi. Alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha kidole kuelekea mizani iliyowekwa chini ya mwembe, mbele ya ghala.

"Zamani ile ilikaa ndani, sisi tukakaa nje. Tunaletewa karatasi tu. Huyu katibu alipoingia, akaitoa. Hilo andika."

"Niandike namba ngapi, bibi?"

"Namba ya nini? Andika aliitoa nje."

Nilipekua vipengele vyote 45 nikitafuta pa kuliweka jibu lile, sikupaona. Nilifunga mkoba nikakaa kutazama. Karani alitaja uzito kwa sauti, kijana wa pili akaurudia, na kalamu haikugusa karatasi mpaka mwenye mzigo aseme "sawa". Katibu mwenyewe hakuhutubia mtu. Alikuwa akisaidia kupandisha magunia. Mama mmoja aliniambia kwamba misimu ya nyuma alikuwa akiuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, kwa bei ya kutupa, ili tu aone korosho zake zikipimwa mbele ya macho yake.

Baadaye msimamizi wangu alinikubalia kuongeza sura ya mahojiano, jambo lililonirudisha nyuma muhula mzima na kunidai ada nyingine, na hadi leo ndiyo sura ninayoithamini kuliko zote katika tasnifu ile.

Mchana ule, hata hivyo, nilikuwa bado nimeketi pale zamu ya bibi ilipofika. "Kilo themanini na mbili!" karani akatangaza. Kijana akarudia. Bibi alisogea, akaitazama mizani mpaka ikatulia, ndipo akasema, "Sawa." Alipopewa karatasi yake aliniletea nimsomee, nikamsomea jina, tarehe na uzito. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaanza safari ya kurudi kwake.