Kabla ya kibali kuna kusubiri kwingine

Watu wakilalamikia ujenzi hulalamikia kibali. Mimi huko sijafika. Nimekaa muda mrefu kwenye hatua ya kabla yake, ile ya kuuliza tu: kwenye kiwanja hiki panajengeka nini, na upande gani? Mchoraji wa ramani hafanyi kazi ya bure. Akishaichora nyumba, halafu ofisi ikasema pale ulipoweka jiko ni njia ya maji, hela yake hairudi. Unamlipa tena achore upya.

Kiwanja changu kiko mlimani, hapa Kigoma. Aliyewahi kufika anajua mji wetu ulivyo: ukitoka ziwani ni kupanda, na kila unapopanda kuna korongo linateremka. La kwangu linapita pembeni, upande wa kusini. Kiangazi ni mchanga mkavu, watoto wanacheza mpira humo na mbuzi wanalala. Mvua zikianza ndipo utalijua.

Swali langu lilitoka hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kwa ziwa sina ubishi. Tulioiona Tanganyika ikipanda mwaka 2020 na 2021 hatuhitaji kusomewa sheria. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule upande wa Kongo, kwa hiyo yakijaa hayana haraka ya kuondoka. Lakini korongo lenye maji msimu wa mvua tu, nalo ni mto? Ukihesabu mita 60 kutoka korongo langu unatokea kwa jirani wa tatu, sebuleni. Ama sina kiwanja, ama korongo lina kipimo chake kingine. Hilo fundi halijui, na mtendaji wa mtaa aliniambia wazi kwamba si lake.

Nilianza kwa kuuliza kwa mdomo. Afisa wa mipango miji niliyemkuta ni mtu mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, wewe jenga tu, ila usilisogelee sana korongo." Nikamuuliza mita ngapi. Akacheka. Sasa jibu kama hilo, siku ukuta wako unapopigwa alama ya X nyekundu, utalionyesha kwa nani? Aliyelitoa atakuwa kashahamishiwa wilaya nyingine.

Nikaandika barua. Dada mmoja wa masjala alininong'oneza jambo ambalo limenisaidia kuliko mengine yote: barua ya "naomba ushauri kuhusu kiwanja changu" inalala, kwa sababu anayeipokea hajui aanzie wapi. Inayouliza maswali ya kujibika kwa mstari mmoja inasogea. Nikauliza manne. Je, korongo limechorwa kwenye ramani ya mipango miji kama njia ya maji? Msingi ukae mita ngapi kutoka ukingo? Shimo la choo liwe upande gani? Barabara ya juu ina upana gani rasmi, maana iliyopo hata bajaji mbili hazipishani? Nikaambatisha nakala ya hati na mchoro wa mkono, nikahakikisha nakala yangu nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Kisha ikaanza "njoo wiki ijayo".

Mimi nauza dagaa, kusubiri nakujua. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, mwalo unalala na sisi tunakaa nyumbani. Lakini naangalia kalenda, najua giza linarudi lini, napanga deni la nani litangulie na magunia ya Tabora yatoke siku gani. Kusubiri kwa ofisini hakuna kalenda. Jalada limepanda kwa mkuu wa idara. Mkuu yuko semina. Jalada limeshuka, ila anayetakiwa kwenda saiti yuko kwenye mgogoro wa viwanja. Gari lipo, mafuta hakuna; ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na kila unayemuuliza anakwambia tusubiri bajeti mpya.

Sisemi wananidanganya. Nimekaa kwenye lile benchi nikaona: afisa huyo mmoja ndiye wa urasimishaji, ndiye wa migogoro, ndiye wa kukagua ramani za watu, na mgeni mkubwa akija ndiye wa kumsindikiza. Ninachodai ni kidogo. Niambie tu, mama, jibu halitoki kabla ya mwezi wa nane. Nitakwenda kuuza dagaa wangu. Maana wakati huohuo hati yangu inahesabu: sharti lake ni niendeleze kiwanja ndani ya miezi 36, na miezi hiyo haisimami kwa sababu barua yangu iko mezani kwa mtu.

Vishoka nao wapo. Kijana mmoja alinifuata hadi kwenye bodaboda, "mama, mimi nakutolea jibu kesho," akataja bei. Nikamuuliza kama hilo jibu litakuwa na kumbukumbu namba ya jalada. Akasema atanipigia.

Fundi wangu, Muha wa Kasulu, uvumilivu ulimwishia mapema. "Mama Shani, tuchimbe msingi, barua itatukuta hapahapa."

"Ikitukuta na greda je, fundi?"

Alinuna kidogo, akachukua kazi Uvinza. Simlaumu, fundi halipwi kwa kukaa.

Saruji sikununua, ingawa kila mtu alinisukuma ninunue kabla bei haijapanda. Mfuko wa kilo 50 ukikaa miezi kadhaa kwenye chumba chenye unyevu unashika mabonge, na mabonge hayo si saruji tena. Nilinunua mawe ya msingi, tripu mojamoja kila giza lilipolipa. Mawe hayaharibiki, na mwizi wa kubeba lori zima la mawe sijamwona bado. Nikachimbisha na shimo upande wa juu, la kufika kiunoni, nione udongo: mwekundu kwanza, chini yake changarawe ngumu. Mchoraji aliposikia changarawe alifurahi kuliko mimi.

Shemeji yangu yuko Leicester, naye alitaka kujenga. Aliniambia kule Uingereza jambo hili lina njia yake kabisa: unaomba ushauri wa awali kwa halmashauri kabla ya kupeleka maombi yenyewe, unaulipia, unajibiwa kwa maandishi. Nikaona wivu. Akaendelea kunieleza kwamba ushauri huo hauifungi halmashauri, na kwamba ombi kamili la nyumba ya kawaida kisheria lina wiki 8 za kuamuliwa, lakini huo ushauri wa awali kila halmashauri ina muda wake, naye wa kwake alikuwa hajaupata. Wivu ukapungua. Hizo wiki 8, lakini, zimenikaa kichwani.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilivaa gambuti nikaenda kiwanjani na simu. Maji yalikuja mekundu, yanaburura matawi, ndala moja ya mtoto na kipande cha bati. Kwenye kona ya chini hayakufuata mkondo. Yalitoka, yakapanda upande wangu, na yalipopungua yaliacha mstari wa tope kwenye shina la mwembe, juu kidogo ya goti langu. Nikaweka futi kamba pale, nikapiga picha. Kesho yake nikapeleka barua ya kukumbusha: tarehe ya barua ya kwanza, picha, na ombi moja. Safari hii sikuomba jibu, niliomba nijulishwe siku ambayo afisa atafika saiti. Siku nikapewa.

Walikuja wawili na pikipiki, mmoja wa mipango miji na mmoja wa mazingira, na huyu wa mazingira alikaa pale kwenye mwembe muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Barua ikafuata, yenye muhuri. Korongo limo kwenye mchoro wa mipango miji kama njia ya maji, si mto. Msingi usogee juu, mita 15 kutoka ukingo, na uzio usije ukaziba ile kona. Choo kiwe upande wa barabara. Hizo mita 15 ni za kiwanja changu, za kiwanja chako nenda ukaziulize mwenyewe. Na barua ya ushauri si kibali, hilo nalo wameliandika chini kabisa.

Swali la barabara hawakuligusa. Mchoraji ameshaanza, nimemwambia geti asiliweke kwanza. Nimerudisha barua nyingine yenye swali hilo peke yake, imegongwa muhuri Jumatatu. Fundi anasema Uvinza atamaliza baada ya Pasaka.